Vioo Vyeusi vya Gari la Mkwe

Mwezi uliopita mume wangu alinipeleka kuangalia gari. Familia imekua, tuna watoto wanne na mama yake mzazi, na kigari chetu kila kikipanda mlima wa kutoka mjini kinalia hadi sisi tuliomo tunaona haya. Basi mtu mmoja pale Bilele, Bukoba mjini, alikuwa anauza shangingi la safu tatu za viti, limetumika lakini limetunzwa, na dalali alitufungulia milango yote kama mtu anayekaribisha wageni sebuleni kwake. "Mama, usiulize bei. Kaa kwanza." Nikakaa. Akaufunga mlango.

Kelele zote za mtaa zikakatika hapo hapo. Pikipiki, redio ya kinyozi, mwanamke aliyekuwa akinadi parachichi, vyote kimya. Dalali alikuwa bado anaongea nje, namwona midomo inacheza na mikono inapaa, lakini sisikii hata neno moja. Nilianza kupapasa mlangoni nikitafuta swichi ya kioo. Gari lilikuwa halijawashwa, kwa hiyo kioo hakikushuka, nami nikaendelea kubonyeza vile vile. Mume wangu aliponifungulia alikuta machozi yananitoka, akadhani nimelipenda gari. Nilimwacha aamini hivyo, ila wewe rafiki yangu ngoja nikusimulie.

Mimi nililelewa na bibi mzaa baba kule kijijini Ngenge, wazazi wangu wakiwa kazini Mwanza. Nyumba yake ilikuwa ya udongo na bati, haina kiti cha maana hata kimoja, lakini sijawahi kukaa mahali palipokuwa laini kuliko pale. Siri ilikuwa nyasi. Kila Jumamosi tulitoka na mundu kwenda rweya, yaani ule uwanda wazi usiolimwa nje ya migomba, tukakata nyasi ndefu, tukafunga mizigo na kuibeba kichwani hadi nyumbani. Bibi alizitandaza sakafuni chumba kizima, nene, akizipanga kwa mkono zilale upande mmoja. Usiku ule nyumba nzima ilinukia. Nilikuwa najibiringisha pale hadi ananipiga na upawa, lakini kidogo tu, maana naye alipenda kuona kazi yake inafurahiwa. Alikuwa na tabia moja iliyotuaibisha ugenini: akiingia nyumba ya mtu, kabla hata hajakaa, alibonyeza nyasi kwa kidole cha mguu kuona kama mwenye nyumba ni mvivu.

Ng'ambo ya barabara aliishi jirani yetu, mwanamke wa umri wake, mjane kama yeye. Hawa wawili kila asubuhi walisalimiana kutoka uani hadi uani. Usidhani ni salamu ya "hujambo" na kwisha. Waliulizana habari za kulala, za watoto, za ng'ombe, za mguu unaouma, za mvua, na kila mmoja alingoja jibu kamili. Mimi na ndoo yangu ya maji nilikuwa nasimama katikati nikisubiri wamalize. Wakikutana walipeana kahawa za kutafuna, buni zilizokaushwa, mbili mbili, kutoka kwenye pindo la kanga. Kwa bibi, kupita kwa mtu bila kumwamkia lilikuwa kosa ambalo hata ulevi hauwezi kulitetea. Niliwahi kurudishwa mwendo wa nusu saa kwenda kumsalimia mzee niliyempita kwa haraka zangu.

Sasa, shangazi yangu aliolewa Bukoba na mwanaume mwenye kazi nzuri, na huyo ndiye aliyetuletea shangingi. Lilikuja kwa mara ya kwanza Krismasi moja, jeupe, vioo vyeusi, limejaa vumbi hadi kwenye taa. Watoto wa kijiji kizima tulilizunguka tukijitazama kwenye vioo. Mimi kwa kuwa wa nyumbani niliruhusiwa kuingia, na nikwambie ukweli, kwa muda nilizisahau nyasi za bibi. Viti vilikuwa vya kitambaa chenye manyoya kama shavu la pichi, vinakupokea taratibu vikikushika mgongo. Katikati palikuwa na kiegemeo cha mkono unachokishusha na kukipandisha. Chini kapeti. Kulikuwa na vijimfuko nyuma ya viti, vitundu vinavyotoa baridi, vishikio juu ya kila mlango, na hakuna kilichochezacheza wala kugongana hata gari lilipopita kwenye mawe. Mlango wenyewe ulikuwa mzito, ukiusukuma kidogo unajimalizia, na vumbi linabaki nje na kelele inabaki nje.

Bibi hakuingia. Gari ni la mkwe wake, na kwa bibi, mama mkwe hakai alipokaa mkwe, na kusalimiana kwenyewe ni kwa mbali huku mmoja ametazama pembeni. Kwa hiyo alilikagua kwa nje. Aligonga bodi kwa kidole, akasikiliza. Akapitisha kucha kwenye ukingo wa mlango. Jioni, wageni walipokuwa wanakula, akanivuta jikoni.

"Eti, chini wametandika nini?"

"Kapeti, bibi."

"Inanukia?"

Nikafikiri. "Inanukia dawa."

"Basi ni nyumba ya mtu mvivu," akasema, tukacheka hadi shangazi akaja kuuliza kuna nini.

Kuna jambo moja nililifanya Krismasi ile. Nilivumbua swichi ya kioo. Ukibonyeza kinashuka, ukivuta kinapanda, chenyewe, kwa mlio mdogo wa nyuki. Nilishusha na kupandisha asubuhi nzima, nikaita wenzangu waone, nikawatoza kahawa ya kutafuna kwa kila mzunguko. Mume wa shangazi alinionya mara mbili kwa upole. Mara ya tatu alinyoosha kidole kwenye mlango wa dereva, akabonyeza kitu, na tangu hapo swichi yangu ikafa. Nilinuna kidogo, kisha nikasahau.

Miezi michache baadaye bibi aliugua. Alivimba miguu, pumzi ikawa fupi, akilala anaketi na akiketi analala. Shangazi alikuja kumchukua ampeleke hospitali Bukoba. Mume wake, kwa heshima, alibaki mjini akatuma gari na dereva ambaye ndiyo kwanza alikuwa ameajiriwa. Hata hivyo bibi aligoma. Alikaa mlangoni akishika mwimo akasema hawezi kulala juu ya kiti cha mkwe wake, afadhali afie kwenye nyasi zake. Shangazi alilia, akabembeleza, akakasirika. Mwisho bibi mwenyewe alitoa ufumbuzi: watandike nyasi kwanza.

"Mama, lile ni gari," shangazi akasema.

"Na mimi ni mtu," bibi akajibu.

Nilitumwa mimi na mundu. Sikuwahi kukata nyasi kwa haraka namna ile. Tukazitandaza kwenye kiti cha kati, kwenye kapeti, kila mahali, juu yake mkeka. Dereva alitazama tu. Bibi alipopandishwa alibonyeza kwa kidole cha mguu, akaniangalia, akatikisa kichwa kukubali. Niliambiwa niketi karibu yake nimshike asiviringike, shangazi akakaa mbele, milango ikafungwa.

Jirani hakuwepo uani. Alikuwa amekimbilia ndani tangu alipoona bibi anabebwa, nasi tukadhani ameshindwa kutazama. Gari lilipogeuka kushika barabara ndipo nilipomwona. Alikuwa amesimama ukingoni, amevaa kanga yake ya kanisani, ameinama nusu goti kama wanavyosalimia wanawake wa kwetu, na mikononi ana kifurushi kidogo cha majani makavu ya mgomba. Ni kahawa, nilijua hata kabla sijaiona. Bibi naye alimwona.

"Fungua, mwanangu. Fungua nimwamkie."

Nikabonyeza swichi. Nikabonyeza tena. Nikaipiga kwa ngumi.

"Shangazi! Bibi anataka dirisha!"

Shangazi alikuwa ameinamia mkoba akitafuta cheti cha hospitali. "Vumbi litamwua. Baridi si ipo humo? Mwache apumzike."

"Anataka kumwamkia jirani!"

"Atamwamkia akipona. Dereva, twende, daktari hatungoji."

Na dereva akaenda. Nilipiga kioo kwa viganja vyote viwili. Jirani alinitazama moja kwa moja machoni, hatua tatu kutoka kwangu, na kile alichokiona ni sura yake mwenyewe kwenye kioo cheusi. Gari lile zuri halikupitisha sauti. Nilimwona akinyoosha kifurushi, nikamwona akikiacha kining'inie mkononi, kisha vumbi letu likamfunika.

Bibi alimwamkia hata hivyo. Alikusanya viganja kifuani akaanza ile salamu yao yote, polepole, kwa pumzi ile fupi. Habari za kulala. Za watoto. Za ng'ombe. Akimaliza swali alinyamaza, akangoja, kisha akasema "wakola, waitu", yaani ahsante, kama vile amejibiwa. Tulipoipita nyumba iliyofuata akawaamkia na wale. Na waliofuata. Alizijua nyumba zote hadi barabara kuu, na hakuruka hata moja. Nilikuwa na miaka tisa na mkono wangu ulikuwa juu ya swichi isiyofanya kazi, na niliijua vizuri sababu ya kutofanya kazi. Tulipofika Muleba alikuwa amenyamaza. Alifariki hospitalini siku ya tatu.

Kwenye msiba jirani alikuja, akapika, akachota maji, lakini hakukaa na wanawake wengine ndani. Alikaa nje peke yake. Nilimsikia akimwambia mtu, "Mawe, mama yangu! Miaka yote ile, na amenipita kama mtu asiyenijua. Pengine gari lile lilimfanya mkubwa." Hakusema kwa hasira, na hiyo ndiyo iliyoniumiza. Nilimwendea. Nilianza kusema kwamba bibi alimwamkia, ila kioo, na swichi, na mimi Krismasi. Ilitoka vibaya, yote kwa mkupuo, nikilia. Mama mmoja akanishika bega akasema mtoto huyu amechoka, apelekwe akalale. Nikapelekwa. Baada ya arobaini nilichukuliwa kwenda kuishi na kusoma kwa shangazi, Bilele, kwa gari lile lile. Tulipita kwa jirani vioo vikiwa vimefungwa. Nilijikunja chini kwenye kapeti nisimwone, na kule chini, chini ya kiti, nikakuta vipande vya nyasi ambavyo ufagio haukuvifikia.

Basi shangingi la yule dalali tulilinunua. Ningemwambia nini mume wangu? Gari ni zuri, mama yake anakaa vizuri, watoto wanalala safari nzima. Jumapili iliyopita tuliendesha hadi Ngenge, na kuanzia tulipoacha barabara kuu nilishusha vioo vyote vinne. Watoto walikohoa. Mume wangu alitazama viti vinavyogeuka rangi akauma meno, Mungu ambariki. Nilikuwa nimejiandaa kuamkia kila nyumba, lakini nyingi zina kuta sasa na mageti, na waliokuwa barabarani waliangalia simu zao. Rweya pamepandwa miti ya mbao, hakuna pa kukata nyasi. Nyumba ya bibi, baba aliiweka vigae, nami nilipoingia nilibonyeza kwa kidole cha mguu bila kufikiri, nikakuta baridi.

Jirani yu hai. Mkwe wake, mke wa mwanawe, alinipeleka uani alipokaa akiota jua, mdogo kuliko nilivyomkumbuka. Nilipiga magoti, nikamwambia yote, safari hii kwa utaratibu, kama nilivyoipanga kichwani kwa miaka thelathini. Kioo. Swichi. Kwamba bibi alimwamkia, salamu yote, na alimngoja ajibu. Alinisikiliza kwa adabu hadi mwisho, akinipapasa mkono.

"Bibi yako?" akasema. "Mbona amepita hapa asubuhi. Tumesalimiana vizuri tu. Ila mguu bado unamsumbua."

Mkwe wake alinitazama kwa kuniomba radhi. Yule aliyeumizwa hajui tena kama aliumizwa, shangazi alishakufa, dereva sikuwahi kulijua hata jina lake. Nilimwachia jirani kilo ya sukari na kanga, nikarudi garini, mlango ukajimalizia wenyewe, kimya kikaingia.

Kumbe jirani alikuwa amenyanyuka. Alisimama uani ameshika fimbo, anatutazama, na midomo inacheza. Nilibonyeza swichi na kioo kikashuka chote.

"Ukimkuta nyumbani," alikuwa anasema, "mwambie mimi sijamnunia."

Nikamwambia nitamwambia.