Jembe Ndani ya Bangili

Nakumbuka siku moja ya soko pale Isebania, mwanangu, miaka ya tisini, mimi bado msichana mwenye ulimi mkali na mkono mwepesi. Nilikuwa nimetoka kwetu Oyugis na bidhaa zangu: pete, bangili na vibanio vya nywele nilivyofua mwenyewe kwa shaba ya mifereji mibovu, nyaya za mota zilizoungua na vipande vya sufuria. Bangili kuukuu za wazee nazo nilizinunua, si za kuuza, za kuweka. Nilizipenda kuliko nilivyopenda watu.

Na watu sikuwaamini, nikwambie ukweli. Mwaka uliotangulia bwana mmoja mwenye tai aliniuzia bangili za shaba, kumbe ni chuma kilichopakwa rangi. Mteja wangu alizivaa kanisani akatoka na mkono wenye kutu. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Toka hapo nikatembea na sumaku niliyoibandua kwenye spika ya redio mbovu, na kila nilichonunua nilikigusa nayo, maana sumaku hunasa chuma, shaba hainasi. Wenzangu sokoni wakaniita Daktari. Hata nikifumba macho kusali, jicho moja lilibaki kulinda mkoba.

Basi akaja bibi mmoja Mkuria, Nyanya Gati, amevaa bangili ya nyuzi tatu za madini zilizosokotwa pamoja: mmoja mwekundu, mmoja wa njano, mmoja mweusi. Akaivua kwa taabu, akaiweka mezani.

"Nitengenezee kibanio ya nywele ifanane na hii," akasema. "Mjukuu wangu anaolewa wiki ijayo, Jumamosi. Hii ataivaa kwa mkono, yako ataivaa kwa kichwa. Nakuachia uangalie vile imesokotwa. Na ujue iko na jembe ndani."

Nikacheka. Nilidhani Kiswahili kimempotea, kwani pale Kiswahili kilikuwa cha kuazima kwetu sote, yeye ana Kikuria chake na mimi Dholuo changu. Sikumuuliza jembe gani. Nilichojiuliza ni kingine: mtu gani mwenye akili zake humwachia mgeni kitu kizuri hivi, hata jina lake hajamuuliza?

Nikarudi nayo Oyugis, na shaka ikanifuata hadi nyumbani. Kibanio nilikimaliza siku ya tatu. Kisha nikaigusa ile bangili na sumaku, ikanasa. Mwanangu, damu ilinipanda. Nikauona mtego wote: bibi atakuja na mashahidi, aseme aliniachia shaba tupu nami nimembadilishia, soko zima liniite mwizi. Nikasema huyu nitamuumbua mimi kwanza. Nikachukua msumeno wa chuma, nikaikata bangili nione tumbo lake.

Ndani hamkuwa na uongo wowote. Shaba nyekundu ilikuwa nyekundu hadi katikati, ya njano vilevile, na ule uzi mweusi ulikuwa chuma, kama ulivyoonekana tangu mwanzo kwa mtu yeyote mwenye macho.

Siku ya soko iliyofuata, kabla ya Jumamosi ya harusi, Nyanya Gati alikuja na mjukuu wake. Nikaweka vipande mezani, nikaanza kueleza habari za bwana wa tai. Nilipomaliza akasema taratibu, "Mama yangu alilima na jembe moja mpaka ikaisha. Ile ilibaki alipelekea mfua chuma, akaiweka kwa bangili, akanivika nikiolewa. Si nilikwambia iko na jembe?"

"Nyanya, nitaiunga. Haitaonekana."

"Mimi nitaiona."

Akavifunga vipande kwenye pindo la leso. Msichana alikuwa ameshika kibanio changu, kizuri kweli, sijatengeneza kingine cha kukifikia. Bibi akakitoa mkononi mwake, akakirudisha mezani. "Hii siwezi kumvika. Imetengenezwa na mtu alikuwa ananiona mwizi."

Msichana akalia. Mimi nami nililia, ila nilingoja waondoke.

Mwanangu, sikwambii umwamini kila mtu. Mabwana wa tai wangali wapo, na vyote ving'aavyo si dhahabu. Shuku ukitaka, lakini ukishuku uliza, maana kuuliza si ujinga. Mtu akikwambia neno usilolielewa, usimcheke. Mwombe akueleze tena, hata mara tatu. Na wa leo usimhukumu kwa kosa la wa jana. Mimi nilikuwa na siku nzima ya kuuliza swali moja, nikachagua msumeno. Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Yangu yana sura ya mjukuu wa watu, aliyeondoka kwao Jumamosi ile mkono mtupu.

Nenda salama. Mungu akulinde na wanaokudanganya, na wasiokudanganya awalinde na mkono wako.