Haya, Nirudishieni

Bwana wa Benki Kuu alikuwa na tabia iliyomchekesha Apolinaria, mkulima wa tumbaku wa Usoke. Kila alipomaliza kueleza jambo alivua kofia, akapapasa ukingo wake, akasema, "Haya, nirudishieni," yaani wasikilizaji wamweleze kwa maneno yao walichoelewa. Enzi za mkoloni uamuzi wa benki ulibandikwa mlangoni kwa Kiingereza, na watu wakabaki kukisia. Huyu alibishana na wakubwa wake mpaka wakamruhusu kuusema mapema, kwa Kiswahili, pamoja na sababu zake. Leo, alipomaliza kuwaeleza wakulima mkutanoni, sauti ilikuwa imemkauka. "Nirudishieni." Apolinaria akasimama. "Mnabana mikopo ili bei zisitukimbie. Zikitulia, mtalegeza. Na msipolegeza, ndugu, tutakuuliza wewe." Bwana wa benki akairusha kofia juu. "Hayo ya mwisho sikuyasema!" alipaza sauti katikati ya vigelegele. "Ndiyo yaliyonileta!"