Transmita Mbili Nyeusi

Ndani ya mto Nzoia, mvua ikiwa imenyesha juu huko mlimani, ukinyoosha mkono mbele ya uso hauoni mkono. Maji inakuwa uji wa wimbi. Mukhwana na ndugu yake Mulongo walijua hiyo tangu wakiwa vijana wa kuchota mchanga, wanazama na ndoo na pumzi ya kifuani tu.

Walikuwa mapacha. Mukhwana alitangulia, Mulongo akafuata, na mama yao Nanyama akawalea venye mapacha hulelewa pande ya Lugulu: mmoja akipata shati, mwingine apate, tena rangi moja. Ukimpa huyu ukimnyima yule, mmoja ataugua na nyumba itaingia mkosi. Hata shule waliacha siku moja. Karo ya mmoja ilipatikana, ya mwingine ikakosa, na mama akasema heri wote wakae nyumbani. Mukhwana hakulalamika, ingawa roho yake ilikuwa haitulii mahali. Alijaribu boda, akajaribu kuvusha sukari mpakani Lwakhakha, akachoka na yote. Kazi iliyomshika ni ile watu waliogopa: kutoa maiti kwa maji.

Aliyewafundisha kuzama na mtungi wa hewa ni mzee Job, aliyestaafu jeshi la wanamaji akarudi kukaa Bungoma. Mzee alipokufa aliwaachia mitungi, regulata za kupumulia, na saa mbili kubwa za mkononi. Saa zile zinakuambia uko chini kiasi gani, na zikipata transmita, kile kidude kidogo kinachofungwa juu ya mtungi, zinakuonyesha pia hewa imebaki ngapi bila paipu yoyote. Lakini transmita zenyewe mzee hakuwa nazo. Kwa hivyo mapacha walizama na geji ya zamani, ya kuning'inia kwa paipu. Geji gani sasa, na maji ni uji? Mshale hauonekani. Halafu siku moja paipu ya Mulongo ikanasa kwa mizizi ya mti ulioanguka ndani ya mto, akabaki amefungwa kama mbuzi mpaka Mukhwana akamfikia na kisu. Walipotoka nje Mulongo alitapika, kisha akacheka.

"Mimi paipu sirudii, buda. Hiyo ni kamba ya kunyongea."

Ndio wakaenda Kitale kwa Wacera.

Wacera alikuwa mama wa makamo, watu wao walitoka Mkoa wa Kati wakanunua mashamba Trans-Nzoia kabla yeye azaliwe. Aliuza kompresa, geji za wachomeleaji, na vyuma vingi ambavyo yeye mwenyewe hakujua vya nini. Alikuwa amenunua mzigo wa mzungu fulani aliyefunga shule ya kuzamia huko pwani, na kwa mzigo huo kulikuwa na transmita tatu. Akazitandaza juu ya kaunta, karibu na kikombe chake cha chai.

"Hizi nyeusi mbili ni za zamani, lakini zinafanya," akasema. "Hii ya kijivu ni ya juzi juzi. Iko na namba yake. Unaifundisha saa yako, na saa haitasikia ingine tena, wala saa ya mtu mwingine haitaisikia hii. Hizi nyeusi hazina mambo mingi. Zinapiga kelele tu, saa yoyote ikiwa karibu inasikia."

"Na saa zetu zitakubali gani?" Mukhwana akauliza.

"Zote. Mimi nilijaribu hiyo saa mlinipea, ikashika zote."

Mulongo akachukua ile ya kijivu, akaipima kwa kiganja. "Chukua hii, Mukhwana. Wewe ndiye mkubwa. Mimi nibaki na nyeusi."

"Ati mkubwa! Kwa dakika ngapi?"

"Si hata dakika moja ni ukubwa? Chukua bana."

"Mama akisikia mimi niko na ya kijivu na wewe uko na nyeusi, si atatutoa roho?"

"Kwani mama huzama?"

Wacera akacheka mpaka akamwaga chai. "Nyinyi hata bibi mtaoa wa kufanana."

Mukhwana alisimama hapo akiangalia vile vidude. Kusema kweli, ile ya kijivu ilimvutia. Ilikuwa safi, na hilo jambo la saa kusikia sauti moja tu lilimkaa vizuri kwa akili, ingawa hakujua kwa nini. Lakini aliona pia ndugu yake akishuka chini na chuma kuukuu, yeye akishuka na kipya, na kitu kikitokea. Angeongea nini nyumbani? Wacera hakuwa amepangusa hata hiyo chai, uamuzi ukawa umekuja.

"Tupatie mbili nyeusi," akasema. "Sawa kwa sawa."

Walizijaribu nyumbani, chini ya mparachichi. Mitungi yote ilikuwa imejazwa pamoja, kwa kompresa moja. Wakafungua, saa ya Mukhwana ikaandika namba, saa ya Mulongo ikaandika namba ile ile, bila kupishana hata kidogo. Mulongo akapiga makofi.

"Umeona? Hata hewa yetu ni pacha."

Wakaridhika. Nani angewalaumu? Mtu akiona saa mbili zinasema kitu kimoja, anasema ni ukweli.

Mvua za Aprili, jamaa anaitwa Sifuna akateleza na pikipiki kwa daraja akaenda na maji. Bibi yake Nekesa alikaa kwa ukingo na shuka begani, hali, hanywi. Ndugu za Sifuna wakaja kuita mapacha.

Walishuka wamefungana kwa kamba fupi, bega kwa bega, ndiyo wasipoteane gizani. Chini kulikuwa na ule mti wa siku ile, na kitu cha nguo kikiwa kimebanwa na matawi. Mulongo ndiye aliyekuwa na panga. Akaanza kukata. Kukata mti chini ya maji kunakula hewa vibaya sana, na Mukhwana alisikia mapovu ya ndugu yake yakitoka mbio mbio, prrr, prrr. Yeye kazi yake ilikuwa kushikilia tu. Akabandika saa kwa kioo cha uso. Hewa ingali nyingi. Akamgusa Mulongo mkono, Mulongo naye akabandika saa yake kwa kioo chake mwenyewe. Mukhwana akahisi kidole gumba cha ndugu yake kikimfinya kiganja, maana yake: niko sawa, twende kazi.

Baada ya muda kamba ikavutwa kwa nguvu. Mukhwana akadhani maiti imeachilia. Akavuta na yeye, akifurahi. Kamba ikavutwa tena, vibaya, kiwiko kikampiga kwa taya, halafu kukawa na mkono ukitafuta uso wake, ukitafuta mdomo wake, na kabla ajue ni nini, panga au jino au tawi likakata kamba. Mkono ukaenda. Mukhwana akapapasa pande zote. Alishika matawi, alishika matope. Hakushika mtu.

Wachota mchanga walimpata Mulongo asubuhi iliyofuata, huko chini kwenye kona. Sifuna hakupatikana.

Watu walisema ni moyo, wengine wakasema ni mto umetaka mtu. Mukhwana alisikiliza wote. Alipoachiwa vyombo vya ndugu yake, akavipanga sakafuni. Mtungi wa Mulongo ulikuwa mkavu kabisa, hata ukifungua hakuna kitu inalia. Sasa mbona saa ilimwambia iko hewa? Akachukua ile saa, akaiwasha. Haikuandika kitu. Akafungua mtungi wake mwenyewe, ule aliotoka nao hai.

Saa ya Mulongo ikaandika namba.

Akakaa chini. Akaufunga mtungi, akaufungua. Akapeleka saa mlangoni, namba ikapotea. Akairudisha karibu, namba ikaja. Ilikuwa ni hewa yake, ya Mukhwana, inasomwa kwa mkono wa ndugu yake. Kule chini, bega kwa bega, Mulongo alikuwa anaangalia pumzi ya mtu mwingine.

Nanyama akaingia, akamkuta na vyuma miguuni. Alikuwa amefunga leso kiunoni, macho yamekauka.

"Nataka kukuuliza kitu, baba, na usinidanganye. Mlikuwa na vitu sawa?"

"Ndiyo, mama."

"Hukuchukua kizuri ukamwachia kibaya?"

Mukhwana alifungua mdomo. Maneno yalikuwa hapo, yote. "Yeye ndiye alitaka nichukue kizuri," akasema. "Nikakataa."

Mama akamwekea mkono kichwani. "Ulifanya vizuri. Basi si mkosi wa nyumba yangu. Ni Mungu tu." Akalia kwa mara ya kwanza tangu mazishi, kama mtu ametuliwa mzigo, na Mukhwana akamshika asianguke, ile saa akaifunika kwa mguu.

Wiki haikuisha kabla ndugu za Sifuna warudi. Walisimama nje, kofia mkononi.

"Pole sana, Mukhwana. Tunajua ni vibaya kukuuliza. Lakini Nekesa amekataa kula."

"Sishuki."

"Hata ukifungwa kamba? Hata tukikushikilia?"

"Nimesema sishuki."

Hawakumtukana. Mkubwa wao akasema basi watafanya venye wazee hufanya mtu akikosekana. Wakakata mgomba shambani, wakauvisha shati ya Sifuna, wakaulaza kwa jeneza. Siku ya kuzika kulikuwa na upungufu wa vijana wa kubeba, na mtu akamwita Mukhwana kwa mkono, asiweze kukataa mara ya pili.

Akaweka bega chini ya ubao. Mbele yake Nekesa alikuwa anatembea akiimba na wengine, sauti imekwisha. Mukhwana alikuwa amejiandaa kwa uzito, miguu ameipanua, meno ameyauma. Lakini jeneza lilipanda kwa urahisi, karibu liruke, na wabebaji wengine wakamgeukia kumwambia apunguze nguvu.