Kocha Asiyeruka Dimbwi

Huyu kocha wa mabinti zetu mimi simwamini. Anasema aliwahi kukimbia Olimpiki, mbio za kuruka viunzi, lakini tangu ahamie hapa Kibirizi hakuna aliyemwona akiruka hata dimbwi. Hulizunguka, suruali ameikunja, filimbi mdomoni. Viunzi vya mazoezi anavitengeneza kwa mianzi, na kila jioni hukiendea kile cha mwisho, akakitikisa, akakishusha kidogo, akakipandisha tena. Hicho cha mwisho tu. Ukimwuliza kule Olimpiki alimaliza wa ngapi, anatazama ziwani. "Mama Angela, anua dagaa, mvua inakuja," ananiambia, na jua linawaka.

Juzi ikaja kweli. Dagaa walikuwa bado juani, wametandazwa kwenye vichanja, na turubai langu lilikuwa kule chini karibu na maji. "Jamani, turubai!" nilipiga kelele. Kocha akachomoka. Vichanja vilivyokuwa njiani hakuvizunguka. Aliviruka kimoja baada ya kingine, kifua mbele, mguu wa nyuma ameukunja ubavuni, wala hakuna dagaa aliyetikisika. Nikabaki mdomo wazi. Kisha goti lake likagonga kichanja cha mwisho, dagaa wote wakamwagika mchangani.

"Pole kocha, nitawaosha," nilimwambia.

Hakunisikia. Alisimama kwenye mvua akikitazama kile kichanja kilichoanguka.

"Cha mwisho," alisema. "Tena cha mwisho."