Samaki wa Sister

Jamani, kuna aibu za kusimulia ukicheka na kuna za kufa nazo, na hii yangu nilipanga kufa nayo, ila nimeona bora niitoe mwenyewe kabla hamjaisikia kwingine (maana benchi zima la kliniki lilikuwepo, na midomo ya watu huwezi kuifunga).

Mnanijua, mimi askari wa magereza hapa Jinja, nina chumba cha kupanga Nalufenya, na mke aliondoka na watoto mwaka wa tatu huu, yuko Lira na mume mwingine. Nilipoanza kukohoa na kukonda sikutaka kupimwa hapa ambapo kila muuguzi ananiita afande, nikapanda basi mpaka Mbale. Huko wana kimashine kipya, unatema makohozi asubuhi, mchana kinatoa jibu, na jibu langu lilikuwa TB. Kazini nikadanganya kwamba ni vidonda vya tumbo, nikapewa likizo, nikabaki na kuta zangu nne.

Zamani ilibidi ukameze dawa mbele ya muuguzi. Siku hizi unajirekodi kwa simu: unaonyesha vidonge, unameza, unafungua mdomo na kuinua ulimi, unatuma. Sister mmoja, muuguzi mwenye barakoa usoni na sauti ya upole, ndiye aliyeniwekea hiyo programu, na nilipotuma video ya kwanza jibu likaja: "Nimeona umemeza. Hongera. Tuko pamoja."

Kwa mtu ambaye hajaulizwa hali tangu Jumapili, hayo si maneno madogo. Kosa langu lilianzia hapo, dogo tu: kesho yake, kabla ya kumeza, nikasema, "Habari za asubuhi, Sister." Salamu ikazaa hadithi, nikamweleza chai niliyokunywa, nikamweleza mvua, nikamweleza jinsi mama alivyofariki nikiwa zamu na nikakuta wameshamzika (jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu), nikaanza kunyoa ndevu na kuvaa shati la kanisani ili tu nimeze vidonge. Siku moja nikamuuliza kama ameolewa. Mara nyingi programu iliandika, "Video haikukubaliwa. Itaangaliwa tena," nami, mjinga mimi, nikafikiri Sister anataka kunitazama mara ya pili.

Mwezi wa tano wa matibabu, siku ya kuchukua dawa, nikapita Wanyange kando ya ziwa alfajiri nikanunua ngege, samaki mnene kabisa, nikamtia kwenye mfuko wa kavera na kupanda naye basi. Jua likawa kali, kavera likavuja, na kabla hatujafika Mbale abiria wote walikuwa wamefungua madirisha. Nikaingia kliniki na shati langu la kanisani, nikamwambia mama wa mapokezi nimemletea Sister zawadi.

"Sister gani, baba?"

"Yule ananiandikia kila asubuhi."

"Ha, yule walimhamisha mwezi ule ule wewe ulianza. Ile ya asubuhi ni kompyuta tu. Inaangalia mdomo, inaandika yenyewe."

Sikukubali. Nikatoa simu nikamwonyesha, tuko pamoja hii hapa. Mwanamke mmoja benchini akatoa simu yake, kisha dereva wa boda, kisha mzee mwenye fimbo, na zote zilikuwa na hongera ileile. Benchi likacheka mpaka likakohoa, na benchi lile likianza kukohoa halinyamazi upesi.

Nilikuwa nageuka nitoke na samaki wangu ndipo akaja kutoka ofisi ya nyuma mzee wa miwani, karani wao, Mzee Wafula, akanivuta pembeni.

"Afande, mtu akiongea-ongea, mashine inashindwa kuona kama dawa imepita. Inakataa, inaleta kwangu niangalie. Ya wewe karibu yote inakujaga kwangu." Akavua miwani. "Pole ya mama."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze mimi na samaki.

"Na ile swali ya ndoa," akasema, "mimi niko na bibi na watoto wanne." Kisha akapokea kavera (nani anakataa ngege?).

Njiani kurudi nikaapa sitambebea tena zawadi mtu ambaye sijawahi kuona uso wake, na sitasalimia tena simu. Siku tatu nikameza kimya, mdomo wazi, ulimi juu, kama mfungwa anayekaguliwa. Mashine ikanipitisha palepale: nimeona, hongera, tuko pamoja. Sijawahi kuwa mpweke kama siku zile tatu.

Kiapo cha zawadi bado ninacho. Kile kingine kilinishinda siku ya nne, nikavaa shati la kanisani, nikaweka vidonge kiganjani, nikasema, "Mzee Wafula, umeamkaje? Na samaki alikuwaje?" nikaendelea kuongea hata vidonge vikiwa mdomoni, nikatuma, nikakaa kitandani kusubiri mpaka simu ikalia.

"Video haikukubaliwa. Itaangaliwa tena."