Sufuria Ndogo ya Mgeni

Kwa miaka thelathini na mmoja Mzee Mwiko aliwapikia wanachuo mia nne, mara tatu kwa siku, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuipa sahani yake kisogo. Walilalamika kuhusu vitanda, kuhusu mitihani, kuhusu maji ya kuoga, lakini chakula walikula wakaongeza. Jina lenyewe walimpa wao, kwa sababu hakuwa anatoka jikoni bila mwiko mkononi, hata akiitwa kwa mkuu wa chuo. Sasa amestaafu, na ukiacha kinywa chake mwenyewe anapikia kinywa kimoja tu. Kinywa hicho ni cha mbwa, na mbwa hataki kula.

Mbwa huyo aliitwa Mgeni. Alifika uani siku ya mvua, miaka tisa iliyopita, mke wa Mzee Mwiko akasema mgeni huyo aachwe mpaka mvua ikatike. Mvua ikakatika, mgeni akabaki na jina likabaki. Alikuwa na rangi ya chai ya maziwa na sikio moja lililolala. Tangu siku hiyo alikuwa mbwa wa mama, kama Mzee Mwiko alivyozoea kumwita mkewe. Mama ndiye aliyemlisha, mama ndiye aliyemwogesha, na Mzee Mwiko kazi yake ilikuwa kumwambia apishe njia. Miezi miwili iliyopita mama alifariki, na siku chache kabla ya hapo alimshika mumewe mkono akamwachia wosia mfupi kuliko wosia wote: "Mgeni asilale njaa."

Mpishi mzima kuachiwa kazi ya kumlisha mbwa mmoja. Mzee Mwiko aliona kama amepewa likizo.

Wiki ya kwanza alimpikia wali na rosti ya nyama. Mgeni akanusa, akala nusu, akaenda kulala chini ya kiti cha mama. Wiki ya pili akala robo. Wiki ya tatu akatapika kwenye zulia, mbele ya mpishi mwenyewe, tena bila haya. Mzee Mwiko alikasirika kama aliyetukaniwa ukoo, maana katika kazi yake sahani inayorudi imejaa ni barua ya lawama.

Na barua hizo alikuwa amezipokea hadi akachoka. Miezi yote ya ugonjwa, mama alikula vijiko viwili, akasukuma sahani, akasema ameshiba. Yeye alirudi jikoni, akaongeza tangawizi, akakaanga vizuri zaidi, akapamba sahani kwa karoti, na sahani ikarudi vilevile. Siku moja uzalendo ulimshinda akampandishia sauti, akamuuliza chakula chake kimemkosea nini. Mama alitazama dirishani. Jambo hilo lilikuwa limemkaa kooni mpaka leo, kwamba mke wa mpishi amekufa na njaa ndani ya nyumba ya mpishi. Sasa alikuwa anamtazama mbwa wake akikonda kwa njia ileile, na alijua kabisa kwamba huyu naye akimfia hatajisamehe.

Ushauri ulikuja bila kuitwa. Mwenye bucha alisema mbwa ni mbwa, apewe mifupa mibichi na mambo yaishe. Binti yake, anayefanya kazi ya ofisini mji wa mbali, alipiga simu akasema anunue chakula cha mbwa cha dukani, zile punje za kwenye mfuko, zina kila kitu. Mzee Mwiko akanunua, akatia punje moja mdomoni, akatafuna, akatema. Alitangaza kwamba maranda ya seremala yana ladha zaidi, ingawa hakueleza maranda aliyaonjea wapi.

Ushauri uliomuudhi kuliko wote ulitoka kwa Mama Mapacha, jirani wa mlango wa pili, rafiki mkubwa wa marehemu. Huyu alikuja wiki ileile ya kwanza na sufuria ndogo mkononi, imebonyea upande mmoja, mfuniko hauna kishikio. Alisema ni ya marehemu, ilikuwa kwake. Akasema marehemu alikuwa anamchemshia Mgeni tu, kuku na wali, maji matupu, basi. Mzee Mwiko akashukuru kwa adabu, akafunga mlango, akachemka peke yake. Mchemsho, alisema siku zote, ni chakula cha mtu aliyeshindwa kupika. Leo aje jirani amfundishe kazi ndani ya nyumba yake, tena kazi ya kuchemsha maji. Sufuria ile akaifanya ya kulowekea maharage.

Ushauri mwingine wote aliufuata, hilo tusimnyime. Tatizo ni kwamba Mzee Mwiko hawezi kumpa kiumbe chochote chakula kama kilivyo. Mifupa aliimwagia rosti. Punje za dukani alizizamisha kwenye mchuzi mpaka zikawa uji. Kila Mgeni alipogeuza uso, yeye aliamua kwamba mchuzi ulikuwa mwepesi, na kesho yake akautia nguvu. Alikuwa anapika kwa bidii kuliko alivyowahi kupika chuoni, na kadiri alivyopika ndivyo mbwa alivyozidi kwisha.

Wiki ya saba Mgeni alishindwa kupanda kizingiti cha jikoni. Fizi zake zilikuwa nyeupe, na mkojo wake umekuwa na rangi ya chai ya rangi iliyokolea. Mzee Mwiko akamfunga kwenye shuka la mama, akambeba kifuani mpaka kliniki ya mifugo, akisimama kila baada ya nyumba mbili tatu kuvuta pumzi na kumgombeza. Alimwambia amefanya makusudi, kwamba wamepanga yeye na mama yake kumwaibisha uzeeni.

Daktari alikuwa msichana wa umri wa binti yake. Alifunua mdomo wa Mgeni, akabonyeza fizi kwa kidole, akakunja uso. Akauliza mbwa anakula nini. Mzee Mwiko akajibu kwa fahari: nyama, wali, karoti, mifupa, hata zile punje. Daktari akauliza kama hakuna kingine. Hakuna. Akauliza tena, taratibu, kama yule anayejua kwamba kitu kipo na amefichwa. Mzee Mwiko akapandwa na hasira, akamweleza kuhusu miaka thelathini na mmoja na wanachuo mia nne, na kwamba hakuna aliyewahi hata kuumwa tumbo.

Daktari aliweka kalamu chini.

"Sawa, baba. Basi nifundishe kupika. Jiko nimeshawasha. Nifanye nini?"

Lilikuwa swali la kwanza la maana aliloulizwa tangu astaafu, na sauti yake ikalainika. "Unabandika sufuria. Unatia mafuta, yapate moto. Unakaanga kitunguu mpaka kiwe na rangi ya dhahabu, hapo sasa ndipo unaanza kupika. Unaweka nyama yako..."

"Subiri, baba. Kitunguu hukunitajia."

"Kitunguu si chakula, mwanangu. Kitunguu ni mwanzo."

"Unamwekea vingapi?"

"Viwili. Vitatu nikiona amenuna."

Daktari hakumcheka wala hakumkaripia, na ingekuwa afadhali angemkaripia. Alimweleza tu kwamba kitunguu kinaharibu damu ya mbwa, kiwe kibichi, kiwe cha kukaanga, kiwe kimeyeyukia kwenye mchuzi. Kwamba Mgeni alikataa chakula kwa sababu kilikuwa kinamuumiza, na siku alizokula alikula kwa njaa. Akamchoma sindano mbili, akamtundikia dripu mpaka saa nane mchana, akasema haahidi kitu. Kama atakula mwenyewe leo na kesho, kuna matumaini. Apewe kuku wa kuchemsha na wali, bila chumvi, bila mafuta, bila kitu.

Mzee Mwiko alirudi nyumbani na mbwa kifuani na kuku kwenye mfuko. Akamlaza Mgeni chini ya kiti cha mama. Akabandika sufuria, na alipokuja kushtuka, mkono wa kushoto umeshashika kitunguu na wa kulia umeshakimenya. Akakitupa nje dirishani. Akanawa, akaanza upya, akakata kuku vipande, akageuka kutafuta mfuniko, na alipogeuka tena kulikuwa na kitunguu cha pili juu ya ubao, kimekatwa nusu. Akaketi kwenye kigoda akaitukana mikono yake kwa matusi ambayo chuoni hakuwahi kuyatoa hata siku gunia la mchele lilipomwagika. Alikuwa amejichukia kweli. Jambo ambalo mtoto wa miaka kumi angeliweza, yeye lilimshinda.

Alichukua kuku kwenye bakuli, akambeba na mbwa, akaenda mlango wa pili.

"Nimeshindwa kuchemsha kuku," alimwambia Mama Mapacha.

Kucheka alitaka, ilionekana mdomoni, lakini alimtazama Mgeni akaacha. Aliuliza tu iko wapi ile sufuria. Mzee Mwiko akarudi kwake, akamwaga maharage, akaisugua mara mbili, akaileta. Mama Mapacha akaibandika, akatia kuku, wali na maji, akafunika. Mzee Mwiko akakaa kwenye kiti cha karibu na meza, mikono ameibana katikati ya magoti.

Huku wakingoja ichemke, Mama Mapacha akamwambia kwamba marehemu alikuwa akimpikia Mgeni hapa kila siku, tangu Mzee Mwiko alipostaafu. Marehemu alisema mume wake akiona sufuria hatulii, lazima aifunue, lazima airekebishe.

Mzee Mwiko alitazama sufuria. Ilikuwa ndogo, lakini haikuwa ndogo kiasi cha mbwa mmoja. Akauliza kama ilikuwa kwa ajili ya Mgeni tu.

Mama Mapacha alichukua muda kupunguza moto ambao haukuhitaji kupunguzwa.

"Mwishoni alikuwa anapika na chake humohumo," alisema. "Zile dawa zilimharibu tumbo, shemeji. Kitunguu kilikuwa kinamchoma. Alikuwa anakula hapohapo ulipokaa, bakuli zima, halafu anakuja kwako kula vijiko viwili vya heshima."

"Mbona hakuniambia?"

"Alikuambia. Ukasema mchemsho ni chakula cha mtu aliyeshindwa kupika."

Alikumbuka. Alikumbuka hata alikuwa amesimama wapi alipolisema neno hilo, na kwamba alilisema akicheka. Hasira ilimpanda, kwanza kwa huyu mwanamke aliyeficha, kisha kwa mke wake aliyemwacha akihangaika na tangawizi na karoti za mapambo, na zote mbili hazikudumu, zikamrudia mwenyewe zikakaa.

Mama Mapacha alipoza chakula, akakiweka sakafuni. Mgeni aliinua kichwa. Alinusa kwa muda mrefu, akalamba, akapumzika, akalamba tena, kisha akala akiwa amelala vilevile, polepole, mpaka sahani ikaanza kusogea sakafuni kwa kulambwa.

"Alikuwa anashiba?" Mzee Mwiko aliuliza, macho yako kwa mbwa.

"Alikuwa anashiba, shemeji. Kuna siku aliongeza."

Mzee Mwiko akaomba bakuli. Mama Mapacha akampakulia kutoka sufuria ileile, akamsogezea na chumvi, na mkono wa Mzee Mwiko ukaifuata chumvi njia nzima kabla hajaurudisha. Akala. Chakula hakikuwa na ladha yoyote, kuku kama maji, wali kama maji. Alikimaliza chote, akasukuma bakuli mbele, akaomba aongezwe.