Kitovu cha Ndege

Basi lilimshusha mgeni mahali asipopajua hata harufu. Kabla hajatua begi, aliitwa kutoka ng'ambo ya barabara.

"Shemeji! Huko unakozurura wanakulisha nini? Umekuwa pipa!"

Alikuwa mjane wa kaka yake. Kazini walimwita Fundi, na alimpeleka huko moja kwa moja: jengo la bati, korido ndefu, kisha chumba kisicho na dirisha. Katikati palikuwa na kichwa cha ndege, kimekatwa shingoni. Humo wanafunzi hujifunza urubani bila kuiacha ardhi.

"Keti kulia," alisema. "Kushoto usikae."

Mgeni akaketi. Nje ya kioo kulikuwa na uwanja wa picha, nyasi zisizotikisika, mbingu nyeupe. Kwenye skrini ya pembeni ndege ilionekana kwa nje, imetulia juu ya lami.

"Hapa kuna ndege mbili," Fundi alieleza. "Hii unayoiona ni picha tu. Nyingine ni ya hesabu: uzito, upepo, springi za magurudumu. Haionekani, ila ndiyo inayoruka. Kila moja ina kitovu chake, nukta ya kati inayopimiwa yote, na kazi yangu ni kuvilaza vitovu hivyo mahali pamoja. Nikikosea, picha inaelea kama mzuka, au inazama. Mwanafunzi anazoea ardhi isiyokuwepo. Siku akitua na ndege ya kweli..."

Akaonyesha skrini. Gurudumu la kushoto lilikuwa limezama kwenye lami kidole kizima.

"Kitovu umekikosea?"

"Vitovu viko sawa. Ni abiria."

Mafundi wa pale walikuwa na mazoea yao: wakijaribu ndege mpya, hawabuni uzito wa rubani, huandika wa mtu wanayemjua. Fundi aliandika wa mumewe. Kisha homa ikamchukua mume, na kilo zake zikabaki kwenye hesabu, kiti cha kushoto. Sasa wakufunzi walikuwa wanaisubiri ndege, na ndege hukabidhiwa ikiwa tupu.

"Si ufute tu?"

"Kufuta ni rahisi kwa mdomo. Kila nikigusa kitufe, namwona anafungua mkanda." Akasogeza kibodi. "Nimemzika mara moja, shemeji. Hii ya pili nisaidie."

Mgeni akaivuta kibodi karibu. Akaandika sifuri, akabonyeza.

Upande wa kushoto ukainuka taratibu, kama kitanda mtu anapoamka. Gurudumu likakaa juu ya lami, sawasawa.

Fundi aliitazama kwa muda. "Kumbe alikuwa mzito hivyo," alisema, akajifuta uso kwa kiganja. Alichukua mkoba wake, akamwekea mgeni ufunguo wa chumba mapajani. "Nawaita wakufunzi waje waipokee, halafu mimi huyoo. Kilichonishikilia hapa kilikuwa hicho tu. Wasubiri, uwape ufunguo."

"Hata chai hujaninywesha!"

"Pipa halihitaji chai," alijibu kutoka mlangoni, na kwa mara ya kwanza siku hiyo alicheka. Visigino vyake vililia kwenye korido, vikafifia, vikaisha.

Mgeni alibaki na mvumo wa feni. Alipotupa jicho kwenye skrini, upande wa kushoto ulikuwa unashuka, polepole, kama godoro linalompokea mtu.

Akaangalia hesabu. Sifuri.

Hakugeuza shingo.

"Kaka," alisema, macho yake mbele kwenye uwanja, "ameshaondoka."